Kiungo cha Mtaa wa Mkwepu

Baba hakutufundisha rangi kwa maua wala kwa bendera.
Alitandaza vipande vya waya mkekani, akasema, semeni:
nyeupe na buluu, nyeupe na chungwa, nyeupe na kijani,
nyeupe na kahawia, nyeupe na kijivu,
halafu unaanza upya, na nyekundu.
Ukikosea jozi moja, alisema,
mke wa mtu Upanga atazungumza na mume wa mtu Kariakoo.

Mwinshehe Kiumbo, muunga nyaya, namba ya kazi 4417,
enzi Shirika likiwa la posta na la simu,
stempu na waya vikila sahani moja.
Masika yakianza, shimo la Mtaa wa Mkwepu lilijaa
naye alishuka na ndoo, akapanda na ndoo,
maana maji yakipenya kwenye waya mji unakohoa,
na kule juu Bi Leokadia, vifaa masikioni,
anauliza "Bukoba, wanipata?"
na Bukoba inajibu kama mtu aliye ndani ya mtungi.

Alikuwa na mkono wake:
mizunguko mitatu kulia, mmoja kushoto,
kisha uzi wa nta.
Hiyo ndiyo sahihi yangu, alisema,
ripoti husainiwa na wakubwa.

Nyumbani kwetu Temeke hatukuwa na simu.
Aliomba mwaka sabini na tisa, fomu nakala tatu,
akapewa namba ya foleni: 11,306.
Foleni ikasogea kama ile ya sukari,
unaona migongo, huoni duka.

Kisha wakaligawa. Posta huku, simu kule.
Kisha hisa zikauzwa, akaja mbia
na maneno yaliyopigwa pasi: ufanisi, mtaji, tija.
Mbia aliyemjua baba alikuwa wa shamba la mpunga:
mvua ikinyesha mnalowa wote.

Orodha ilibandikwa ukutani Ijumaa,
karatasi ya kompyuta yenye matundu pembeni.
4417 ilikuwemo.
11,306 haikuwemo popote.
Foleni imefutwa, alisema binti wa mapokezi, kwa upole,
siku hizi hatuna waombaji, mzee, tuna wateja.

Mwezi huohuo Bi Tatu, muuza vitumbua,
alinunua ya mkononi, akaifunga pindoni pamoja na chenji,
akampigia mwanawe Tandahimba akiwa amechuchumaa jikoni.
Baba alitazama juu ya paa lake
akitafuta waya.

Miaka.
Mbia aliondoka, akaja mwingine wa kusimamia tu, naye akaondoka.
Nani anamdai nani: barua zilivuka bahari
kuliko simu zetu zilivyowahi kuvuka.
Mwisho Serikali ikanunua ilichokuwa imeuza.
Redio ikatangaza kwamba Shirika limerudi nyumbani.
Baba akauliza limerudi na nini mkononi.

Juzi alikwenda Gerezani kutafuta bawaba ya mlango.
Kijana mmoja alikuwa akichoma nyaya, moshi mweusi,
shaba ikitoka uchi, ikipandishwa kwenye mizani.
Baba akainama.
Mitatu kulia. Mmoja kushoto.
Hakuuliza imetoka wapi.
Kijana alitaja bei ya kijinga
na baba, anayebishania hata fungu la mchicha,
akalipa.

Bawaba hakununua. Mlango bado tunauegemeza kiti.

Sasa kila alasiri anakaa barazani na kile kifundo,
anakifungua, waya mmoja mmoja, kwa kucha.
Plastiki yote imeungua. Shaba ni shaba,
hujui nani alikuwa wa Upanga, nani wa Kariakoo.
Anazipanga kwa kukumbuka, midomo ikicheza.

Simu niliyomnunulia inaita mfukoni mwake,
inaita, inanyamaza, inaita.
Baba, pokea.
"Ngoja," ananiambia,
"nimefika nyekundu."